Dole Gumba la Ningning

"Mama, nauliza kwa mara ya mwisho. Upinde wangu uko wapi?"

"Na mimi nakujibu kwa mara ya mwisho. Mzazi hapigi fidla."

"Siyo fidla. Ni chelo."

"Afadhali ingekuwa fidla! Fidla mtu anaiweka begani, basi. Hilo lidude lako unalipanulia miguu kama unakamua ng'ombe. Mwezi wako wa uzazi haujaisha, mifupa yako bado iko wazi, upepo unakuingia kuanzia chini mpaka utosini. Ukifika umri wangu utakuja kulia, mgongo, Mama, mgongo."

"Upepo gani? Madirisha umefunga. Rimoti ya kiyoyozi umeficha. Nanchang yote inachemka, wanaume wanatembea vifua wazi, mimi nimevishwa soksi!"

"Na kofia. Kofia yako iko wapi?"

Luningning alikuwa amesimama katikati ya sebule, jasho linamtiririka mgongoni. Kofia ya sufu aliyofumiwa na mama mkwe ilikuwa juu ya televisheni, alikoitupa baada ya kufungua kasha na kukuta chelo ipo, ulimbo wa kupaka upinde upo, kitambaa cha kufutia kipo, upinde haupo. Mama mkwe wake, Tang Guizhen, alikaa kwenye kigoda mbele ya beseni akimenya vitunguu saumu, wala hakuinua macho. Kati yao, kwenye kochi, alikaa Qiu Bolin, mume wa mmoja na mwana wa mwingine, simu ameisogeza karibu na pua kama mtu anayesoma habari za vita.

"Bolin, sema kitu."

"Ma, mpe upinde wake," alisema Bolin. "Na wewe Ning, vaa kofia."

"Ungekuwa refa wewe, mpira ungeisha bila goli hata la kuotea."

Bolin alirudi kwenye simu yake. Chumbani mtoto alijikohoza, na wote watatu walinyamaza wakisubiri. Hakulia. Tang Guizhen aliendelea kumenya.

Kwao Iloilo alijulikana kwa jina la mkato, Ningning, na majirani wa jengo hili walilipokea jina hilo kama la kwao, mpaka wengine walishangaa kusikia kwamba ni Mfilipino. Alikuja China kupiga muziki kwenye harusi za mahotelini, wapigaji wanne waliovaa gauni za mshono mmoja na rangi moja, wakiingia kwa mlango wa jikoni na kutoka kwa mlango wa jikoni. Kisha akaolewa, kisha akawa anaitwa na okestra ya jiji mtu akiugua, kisha akawa anafundisha watoto wa majirani, ambao mama zao walikaa pembeni kwenye kila somo wakiandika kila neno na kumkaripia mtoto kabla mwalimu hajafungua mdomo. Maisha ya kuitwa na kusubiri. Sasa mzee mmoja wa chelo alikuwa amestaafu, na okestra ilitaka mtu wa kudumu. Usaili ulikuwa Jumatano. Nafasi kama hiyo ikichukuliwa na kijana, kijana huyo angekaa kwenye kile kiti mpaka nywele zimwishe kichwani. Ningning aliwapigia kuomba asogezewe siku. Walimjibu kwa adabu sana kwamba pazia la kumficha mpigaji asionwe na wasaili litafungwa Jumatano na kufunguliwa Jumatano.

Leo ilikuwa Jumamosi.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo hakumwambia mtu.

Mkono wa kushoto, pale dole gumba linapoota kwenye kifundo, palikuwa panachoma. Maumivu yalianza kama mchomo mdogo wiki ya kwanza baada ya kujifungua, akadhani amelalia vibaya. Sasa kugeuza kitasa cha mlango kulimtoa machozi. Kifuniko cha chupa alikifungua kwa meno. Jana alimwambia Bolin amkamulie kitambaa cha kumfutia mtoto, akajifanya amechoka. Na mama mkwe tangu siku ya kwanza, aliposhuka kwenye treni kutoka Shangrao na kuku wawili ndani ya boksi, sukari guru na chupa za pombe tamu ya wali, alikuwa na wimbo mmoja: kazi ya mikono ndani ya mwezi inabaki mikononi maisha yote. Ningning aliucheka wimbo huo mchana. Usiku, akinyonyesha, hakuucheka. Mpiga chelo bila dole gumba la kushoto ni nani? Ni mwanamke mwenye kabati kubwa la mbao.

Kusema angeweza kusema. Lakini akisema tu, basi: kitandani, kofia, chelo stoo, na mtoto moja kwa moja begani kwa bibi yake. Na hapo ndipo roho yake ilipokuwa juu. Juzi tu alimsikia Tang Guizhen jikoni akimwambia mwanawe: "Akishatimiza siku mia nitaondoka naye Shangrao. Kule hewa safi, maziwa yapo, nyinyi mfanye kazi zenu. Wewe mwenyewe si ulilelewa hivyo hivyo na bibi yako?" Ningning alisimama ukutani akisubiri mumewe aseme hapana. Bolin akasema, "Tutaona, Ma."

Tutaona. Nusu ya watoto wa jengo hili walikuwa wanalelewa na bibi zao mikoani kwa sababu baba fulani alisema tutaona. Tangu siku hiyo Ningning hakumwachia mtu mtoto. Kumwogesha yeye, kumbadilisha yeye, kumbembeleza yeye. Mama mkwe akinyoosha mikono, Ningning ameshamnyanyua. Hetao, kwa jina lake la kitoto, alikuwa mtoto wa kilo za kutosha, mashavu kama maandazi, na alitaka kubebwa tangu kucha mpaka kuchwa.

Simu ya Ningning ililia juu ya meza. Uso wa mama yake mzazi, Nanay Felisa, ukajaa kwenye kioo, karibu mno kama kawaida, nusu ya paji la uso iko nje.

"Mbona umekunja sura?" aliuliza Nanay. "Umeogea maji baridi?"

"Sijaogea maji yoyote, Nanay. Haniruhusu kuoga."

"Anafanya vizuri. Nani alikwambia mzazi anaogaoga? Na hicho kifaa nyuma yako ni nini? Ning! Umeitoa nje hiyo chelo?"

"Nina usaili Jumatano, unajua."

"Najua pia kwamba binamu yako Rosaura alifua shuka kabla siku zake za uzazi hazijatimia, akapatwa na binat, ule ugonjwa wa mzazi aliyejichosha mapema, mpaka leo akisikia radi anatetemeka. Nipe huyo mwenzangu."

"Nanay, hamwelewani lugha."

"Nipe!"

Ningning aliiegemeza simu kwenye ukingo wa beseni la vitunguu. Tang Guizhen akafuta mikono, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema kwa sauti ya juu, kama kwamba lugha ikipigiwa kelele inaeleweka:

"Mkwe mwenzangu! Umekula?"

"Mwambie asiguse maji!" alijibu Nanay kwa Kiilonggo, lugha ya kwao Iloilo.

"Hataki kofia!" alisema Tang Guizhen kwa Kichina, akionyesha kichwa chake, kisha akionyesha televisheni.

Nanay akashika kichwa chake, akatikisa. Tang Guizhen akapanua magoti, akaigiza mtu anayekereza chelo, akatia uso wa maumivu, akashika kiuno. Nanay akapiga kelele ya kukubali. Wakaendelea hivyo, kila mmoja kwa lugha yake, wakiitikiana kwa mikono na vichwa, bila kupishana hata kidogo. Bolin alianza kucheka.

"Cheka tu," Ningning alimwambia. "Hao wakikutana ana kwa ana, wewe na mimi tutalala kwenye lifti."

Alipoona wamenogewa, aliingia kutafuta. Chini ya kitanda. Nyuma ya magodoro ya msimu wa baridi. Ndani ya pipa la mchele alitia mkono mpaka kwapani, wa kulia. Hakuna. Nepi za mtoto zilikuwa zimeisha kabatini, akasogeza mlango wa roshani, mahali ambapo mzazi hatakiwi hata kuchungulia. Joto lilimpiga usoni. Juu, mianzi ya kuanikia ilikuwa imebeba shuka, nepi, suruali za Bolin. Na kati ya mianzi, mwembamba kuliko yote, unang'aa, ulining'inia ufito mmoja umetundikwa soksi mbili za mtoto.

Ningning hakupiga kelele. Aliutoa soksi, akaushika. Mti ulikuwa wa moto kama mwiko uliosahauliwa juu ya jiko. Aliulegeza uzi wake, akafumba jicho moja akautazama kwa urefu, jinsi fundi anavyotazama ubao. Haukuwa umepinda, au labda kidogo, au labda ni jicho lake. Akarudi sebuleni ameushika mkono wa kulia.

"Umeuanika juani."

Tang Guizhen alikuwa ameshamaliza simu. "Nimeuficha. Nani anatafuta fimbo kati ya fimbo?"

"Upinde huu mwalimu wangu aliutumia maisha yake yote, akaniachia mimi. Ukipinda haunyooki tena!"

"Ni mti. Mti umekulia juani tangu asubuhi ya kwanza. Jua limeanza kuua miti lini?"

"Ma," alisema Bolin, sasa amesimama, simu ameiweka chini. "Hapo umezidi."

"Mimi nimezidi? Mimi niliyeamka alfajiri kuchemsha miguu ya nguruwe na karanga ili maziwa yashuke? Nimeacha mabwawa yangu ya samaki na baba yako asiyejua hata chumvi iko wapi. Nimekuja kumkalisha mwezi mtu ambaye mama yake yuko ng'ambo ya bahari. Ningeacha akahangaika peke yake, mngesema nini? Ning, mimi sikuchukii wewe. Nalichukia hilo lidude."

"Lidude hilo ndilo mimi," alisema Ningning, akaingia chumbani na chelo yake, akafunga mlango.

Mtoto alikuwa amelala katikati ya kitanda kikubwa, mikono juu kama aliyesalimu amri. Ningning alikaa kwenye ukingo wa kiti, polepole, maana mshono wa uzazi bado ulimkumbusha. Akaweka taulo chini ya daraja linalobeba nyuzi ili sauti isitoke sana. Akakaza upinde. Ukurasa wa kwanza wa muziki wa usaili aliupita vizuri, chini chini, dole gumba limejificha nyuma ya shingo ya chelo, halifanyi kazi kubwa. Alianza kupumua. Labda hakuna kitu. Labda ni hofu tu, ametishwa na bibi wawili.

Ukurasa wa pili mkono unapanda. Pale juu dole gumba linatoka nyuma, linalala juu ya uzi wenyewe na kuukandamiza, na vidole vingine vinacheza kwa kuliegemea. Hakuna njia nyingine ya kupita, hata aje nani. Aliliweka. Likachoma mpaka kwenye kiwiko. Akajikaza kisabuni, akavuta upinde. Noti ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Akarudia. Ikakatika pale pale. Akarudia tena akiuma mdomo, na safari hii kidole chenyewe kilikataa, kikakunjika kando kama si chake.

Alikaa ameshika shingo ya chelo. Nyuma ya pazia la usaili watu watano wangekuwa wameketi na kalamu. Wasingemwona uso wala rangi, wala kofia. Wangesikia tu hiyo noti ya tatu.

Mtoto akalia.

Aliilaza chelo chini kwa ubavu, akainuka. Hetao alikuwa amekuwa mwekundu tayari, mdomo wazi wote. Ningning aliinama kama alivyoinama mara zote tangu atoke hospitali: kiganja cha kulia chini ya makalio, cha kushoto chini ya kichwa na shingo, dole gumba limepanuka upande wake. Akanyanyua.

Mkono wa kushoto ukaachia.

Hakujua ulivyoachia. Alichojua ni kichwa cha mtoto kinakwenda nyuma, na yeye anajitupa mbele, mkono mzima chini yake, kisha wote wawili wako juu ya godoro, uso wake kwenye tumbo la mtoto. Kimya. Kimya kirefu kuliko haki. Kisha Hetao akavuta pumzi, akapiga ukelele wa hasira uliotingisha madirisha, na Ningning hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile.

Alipoinua kichwa, Tang Guizhen alikuwa mlangoni na bakuli la supu. Hakupiga kelele. Aliinama akaweka bakuli sakafuni, mbali na chelo, akaja akakaa upande wa pili wa kitanda. Akampapasa mtoto kichwa, shingo, mgongo, miguu, akamwacha palepale alipo.

"Hana kitu," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mkono, Ning. Jana umefungua chupa kwa meno. Nilidhani ndivyo mnavyofungua huko kwenu."

Ningning alijikuta anacheka na kulia pamoja. "Wiki ya kwanza," alisema.

"Wiki ya kwanza! Na umekaa nalo?" Sauti ya mama mkwe ilianza kupanda. "Si nilisema? Kazi ya mikono ndani ya mwezi! Lile lidude! Bolin! Njoo uone mkono wa mkeo, lidude limemla!"

Bolin aliingia mbio, akasimama hajui amshike nani kati ya watatu.

"Nipigie Mayumi," Ningning alimwambia. "Dubai. Sasa hivi atakuwa kwenye mapumziko. Wewe shika simu."

Mayumi, mdogo wake, alikuwa mtaalamu wa viungo hospitalini huko. Alipokea akiwa anatafuna.

"Ate, dada yangu! Mbona sura kama ya mtu aliyefiwa? Mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa, mzima. Mkono wangu."

Alimweleza. Mayumi akaacha kutafuna.

"Fanya ngumi, dole gumba ndani. Haya. Sasa inamisha kifundo upande wa kidole kidogo, kama unamimina chai."

Ningning alijaribu. Ukelele uliomtoka ulimfanya Hetao, aliyekuwa ameanza kutulia, alie upya.

"Basi, basi! Nimeshaona. Ate, huu ugonjwa wa wazazi, wanakuja kwangu kibao kila wiki. Mishipa ya hapo imevimba."

"Ni chelo?"

"Chelo unapiga tangu una meno ya utoto, lini imekufanya hivi? Ni mtoto. Hivyo unavyomwingizia kiganja chini ya kichwa na kumnyanyua, mara ngapi sijui kwa siku. Chelo inapigilia tu msumari uliokwisha ingia."

"Dawa yake?"

"Usimnyanyue. Funga kidole kisicheze, barafu, na hiyo chelo usiiguse kabisa. Ukianza sasa hivi, siyo kesho, sasa hivi, Jumatano huenda ukapiga. Siahidi. Ukiendelea hivi, Jumatano utapiga nusu ukurasa, na baadaye daktari akuchome sindano ya pale pale, ambayo huitaki."

"Nani atamnyanyua, Mayumi?"

"Kwani huyo bibi hapo nyuma yako ana mikono ya mapambo?"

Bolin alikuwa anatazama mmoja baada ya mwingine, Kiilonggo hakijui. Tang Guizhen alinyoosha shingo.

"Anasemaje?"

"Anasema siyo chelo," alijibu Ningning kwa Kichina.

Mama mkwe alikunja uso. "Na nini kingine? Ameongea kirefu."

Hapo palikuwa na nafasi. Ningning aliiona waziwazi. Angeweza kusema: barafu, basi. Angeweza kuvumilia siku hizo chache, akamnyanyua kwa mkono wa kulia, akamlaza kwenye mto, akamfunga mgongoni kwa kanga ya kwao, akabuni njia. Akifungua mlango huu leo, nani ataufunga baada ya siku mia? Mikono ikishazoea mtoto haimrudishi. Alimtazama Hetao, aliyekuwa anatafuta ziwa kwa mdomo, kichwa kinayumba. Kile kichwa. Alikiona tena kinakwenda nyuma.

"Anasema ni kwa sababu ya kumnyanyua mtoto," alisema. "Anasema nisimnyanyue tena. Na chelo nisiguse mpaka Jumatano."

Tang Guizhen alifungua mdomo, na Ningning aliliona lile "si nilikuambia" linakuja, limefika kwenye meno. Mama mkwe akalimeza. Ilionekana halikushuka kwa urahisi.

"Kwa hiyo lidude halina kosa," alisema mwishowe.

"Halina."

"Basi ni mjukuu wangu."

"Ni namna ninavyombeba."

"Unambeba kama unamwibia mtu," alisema Tang Guizhen. "Nimekuona. Kila nikinyoosha mkono, unamkwapua."

"Kwa sababu unataka kuondoka naye."

Bolin alishusha simu. Kutoka kwenye kioo Mayumi aliuliza kuna nini tena, hakujibiwa.

"Nilisikia jikoni," alisema Ningning. "Siku mia, Shangrao. Na nilimsikia huyu hapa akisema tutaona. Sasa nisikilizeni, maana nitasema mara moja. Mama, kuanzia dakika hii mtoto utamnyanyua wewe. Kumwogesha wewe, kumbadilisha wewe, usiku wewe. Akitaka kunyonya utaniwekea mapajani na utamtoa wewe. Mimi sitatia mkono. Lakini haondoki kwenye nyumba hii. Siyo siku mia wala elfu. Ukitaka kumlea, utamlea hapa, kwenye godoro letu hili bovu. Bolin, sema. Na usije ukasema tutaona."

Bolin alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Ma," alisema. "Haendi."

"Nani alisema anaenda?"

"Wewe, Ma."

"Nilisema hewa ya kule nzuri. Na hewa ya kule ni nzuri, hata umuulize nani." Alijikung'uta magotini maganda ya vitunguu ambayo hayakuwepo. "Baba yenu atakula nini huko peke yake?"

"Atajua chumvi iko wapi," alisema Bolin.

Tang Guizhen aliguna, na lile guno lilikaribia kuwa kicheko. Akainuka, akatoka. Akarudi na barafu ndani ya kitambaa, jozi ya vijiti vya kulia na nepi safi. Akaushika mkono wa Ningning bila kuomba, akaweka kijiti kimoja huku na kimoja huku, dole gumba katikati, akazungusha nepi, akakaza kwa meno yake. Mayumi, kwenye simu, alisema ameona mabanzi mengi ila hilo ni la kwanza la aina yake, lakini litafaa.

"Na Jumatano?" aliuliza Tang Guizhen.

"Jumatano nitakwenda."

"Bila kupiga hata kidogo kabla?"

"Nitaimba noti. Nitasoma karatasi na kuziimba."

"Na kidole kikichoma hiyo Jumatano?"

"Kitachoma," alisema Ningning.

Mama mkwe alifikiri. "Utavaa kofia."

"Kuna pazia, Mama. Hata nikivaa sufuria hawataniona."

"Basi kofia."

"Basi kofia. Na kiyoyozi kiwashwe sasa hivi, hata kwa kidogo, maana nikizimia sitakwenda popote."

Rimoti ilitoka kwenye mfuko wa aproni, ilikokuwa siku zote. Bolin alikiwasha kiyoyozi kabla mtu hajabadili mawazo.

Ningning alishuka kitandani. Kwa mkono wa kulia aliulegeza upinde mpaka uzi ukalala, akauweka kwenye nafasi yake kashani. Bolin alimsaidia kuiinua chelo na kuilaza ndani. Akafunga vishikizo, kimoja, kingine, akalisukuma kasha kwa mguu mpaka ukutani. Kisha akageukia kitandani. Hetao alikuwa anajinyonganyonga, karibu kulia. Mkono wa kushoto wa Ningning ulitangulia wenyewe, vijiti na vyote. Akaurudisha nyuma, akaubana kwenye ubavu.

"Mchukue, Mama."

Tang Guizhen aliinama. Mkono mmoja chini ya kichwa, mwingine chini ya makalio, akamnyanyua Hetao kwa urahisi kama anayeokota blanketi, akamlaza begani. Mtoto alilia. Alilia akitazama nyuma, uso umekunjamana, na bibi akatoka naye akimwimbia kitu cha kwao, mlango ukajifunga nyuma yao kwa upepo wa kiyoyozi.

Bolin akataka kuufungua. "Acha," alisema Ningning.

Alikaa kitini. Akavuta karatasi za noti, akazitandika mapajani, kwenye ukurasa wa pili. Huko sebuleni kilio kilipanda, kikapanda tena. Alianza kuimba noti ya kwanza kwa sauti ndogo, akaimba ya pili, akaenda kwenye ya tatu, na hakuinuka.